Gari la Familia Unguja: Uamuzi Uanzie Uvunguni

Mume na mke wakifika pamoja kwenye yadi ya magari mjini Unguja, mazungumzo huanza na rangi, umbo na jina la gari. Kisha inakuja bei. Mwisho, kama muda umebaki, anaitwa fundi asikilize injini. Uchambuzi huu unashauri mpangilio uliopinduliwa. Kwa familia ya kisiwani, kinachotangulia ni idadi ya abiria na njia wanazopita, kinafuata chuma kilichojificha uvunguni, halafu karatasi za gari. Jina na rangi vingoje mwisho.

Tuchukue mfano wa nyumba ya watu sita: mume, mke, watoto watatu na bibi yao. Wanaishi Mji Mkongwe, upande wa Vuga, ndani ya vichochoro visivyoingia gari. Gari litalala nje, kwenye maegesho ya barabarani, likipigwa na upepo wa bahari usiku kucha. Siku za kazi mke ndiye atakayeliendesha zaidi: skuli, kazini, sokoni. Mwisho wa wiki wote wanakwenda shamba, Makunduchi, na kipande cha mwisho cha safari ni njia ya mawe.

Kisiwa kinadai nini

Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi na upana wa kilomita 39 hivi, na haina milima. Barabara kuu za kwenda Nungwi, Chwaka, Paje na Makunduchi zina lami. Kwa safari za namna hii injini ya cc 2000 inatosha kabisa, hata gari likiwa limejaa watu na kiyoyozi kinafanya kazi. Injini kubwa zaidi inaongeza mafuta na kodi, na hakuna mlima wa kuipa kazi.

Kinachohitajika ni kimo. Ukiiacha lami, njia nyingi za ndani zinapita juu ya mawe ya matumbawe yenye ncha, na matuta nayo hayakosi. Gari lenye nafasi ya milimita 200 hivi kati ya ardhi na tumbo lake linapita bila kukwangua. Nissan X-Trail ya kizazi cha tatu ina takriban milimita 205, na Subaru Forester ya kuanzia mwishoni mwa 2012 ina 220. Lakini kimo hicho kisimdanganye dereva wakati wa masika. Injini ikivuta maji kupitia bomba la hewa, konrodi hupinda, na gharama yake inaweza kukaribia bei ya injini nyingine.

Uvutaji wa magurudumu yote manne ni jambo la pili, baada ya injini kubwa, linalotiliwa uzito kuliko linavyostahili. Unaleta shafti ya ziada, difu ya nyuma na mafuta yake, vyote vikihitaji matunzo. Suzuki Escudo ya kizazi kilichoanza 2005 ina mfumo wa kweli wa kazi ngumu, wenye gia ya chini na kifungio, na anayeishi mwisho wa njia mbovu atauhitaji. Familia yetu inapita mawe kwa kipande kifupi tu, kwa mwendo wa polepole. Hapo kimo na matairi mazuri vinatosha.

Kuchuja kwa idadi ya siti

Watu sita hawaenei kwenye siti tano. Sentensi hiyo peke yake inaondoa Harrier, Forester, Escudo na Toyota Rush ya zamani, magari mazuri yote. Familia nyingi huliruka swali hili dukani, kisha mtoto mmoja anasafiri miaka mitano akiwa amepakatwa bila mkanda.

Yanayobaki ni machache. Toyota Vanguard, iliyouzwa Japani kati ya 2007 na 2013, ina toleo la siti saba na injini ya cc 2362. X-Trail ya kizazi cha tatu, iliyoingia sokoni mwishoni mwa 2013, ina toleo la siti saba lenye cc 1997. Mitsubishi Outlander ya kizazi hicho hicho nayo ina siti saba. Na kuna gari ambalo halimo katika kundi hili la magari ya juu lakini lazima litajwe kwa haki: Toyota Noah. Lina siti nane, mlango wa kusukuma unaofunguka vizuri kwenye maegesho yaliyobanana, na kidato cha chini ambacho bibi anakipanda bila kushikwa mkono. Mafundi na spea zake viko kila mahali. Udhaifu wake ni tumbo la chini.

Hapa ndipo mume na mke wanapaswa kukaa na kusemezana. Kama njia ya shamba ina lami hadi mlangoni, Noah inashinda. Kama ina mawe, gari la juu lenye siti saba lina hoja. Na kabla ya kuamua, kiti cha mtoto kifungwe safu ya katikati, kisha ijaribiwe kama mtoto mkubwa bado anaweza kupita kwenda siti ya nyuma kabisa. Safu hiyo ya tatu ni ya watoto, na ikiwa wazi buti linabaki dogo. Mizigo ya Idi haitaingia yote.

Karatasi ya mnada

Magari mengi ya Unguja yanatoka Japani, na mengi kati yake yamepita mnadani. Kabla ya mnada mkaguzi hulizunguka gari na kujaza karatasi. Dalali anayeuza gari la kuagiza anaweza kuipata karatasi hiyo. Mnunuzi aiombe kabla hajatoa shilingi.

Jambo la kwanza ni daraja la jumla. Gari la 4 au 4.5 limetunzwa vizuri, la 3.5 lina makovu ya matumizi. Lenye herufi R au RA limewahi kufanyiwa matengenezo ya sehemu za mwili zinazobeba uzito baada ya ajali. La pili ni herufi ya ndani, kuanzia A iliyo safi hadi D iliyochakaa. La tatu ni mchoro wa gari uliojazwa alama: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. S ni kutu, na C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Namba inayofuata herufi inaonyesha ukubwa wa tatizo.

Kwa familia ya Unguja, S na C zina uzito kuliko A na U. Mkwaruzo utakaa ulivyo kwa miaka kumi. Kutu itaendelea kula.

Cheti cha kusafirisha gari nje kinatoa ushahidi wa pili. Kinaonyesha namba ya chesisi, tarehe ya usajili wa kwanza na kilomita zilizoandikwa. Japani gari jipya la familia hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo kilomita huacha kumbukumbu. Kilomita za cheti, za karatasi ya mnada na za dashibodi zikipishana kwa namna isiyoelezeka, muuzaji atoe maelezo au mnunuzi aondoke.

Chumvi ya nchi mbili

Kaskazini mwa Japani, hasa Hokkaido na Tohoku, barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha theluji. Chumvi hiyo inaingia kwenye fremu, mabomba ya breki na viungio vya springi. Gari la huko likiletwa Vuga na kulazwa karibu na bahari, kutu inapata mwendelezo bila mapumziko. Nje linang'aa, kumbe bomba la breki limebaki jembamba kama karatasi.

Kwa hiyo gari liinuliwe. Tazama fremu, mabomba, egzosi, sehemu shokapu zinapofungwa, na ukingo wa ndani wa milango. Jihadhari na uvungu uliopakwa rangi nyeusi mpya kabisa, kwa sababu rangi hiyo huweza kupakwa juu ya kutu. Fundi agonge kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinatoa sauti ya kufa na kumwaga magamba. Gari la kuagiza liombewe picha za uvunguni, na mkoa lilikosajiliwa uulizwe.

Gari likishanunuliwa, matunzo yanaendelea hapo hapo. Uvungu uoshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila wiki, na mara moja gari likikanyaga mchanga wa pwani.

Mifuko ya hewa, matairi na injini

Suala la mifuko ya hewa ya Takata linaihusu Zanzibar moja kwa moja. Vijazio vya mifuko vya kampuni hiyo ya Kijapani vilitumia amonia nitreti, kemikali inayoharibika ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu. Ikifika hapo, mfuko unaweza kulipuka kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma kwa dereva au abiria. Zaidi ya vijazio milioni 100 viliitwa virudishwe duniani, katika magari ya kampuni nyingi zikiwemo Honda, Toyota, Nissan na Mazda, na Takata ikafilisika 2017. Joto na unyevu ndiyo hali yetu ya mwaka mzima. Tovuti za watengenezaji zina sehemu ya kuingiza namba ya chesisi na kuona kama gari linadaiwa matengenezo hayo. Ukaguzi huo haugharimu chochote, na mzazi asinunue gari bila kuufanya.

Matairi nayo yasomwe. Gari la sehemu za baridi huweza kuja na matairi ya theluji, yenye neno STUDLESS ubavuni. Mpira wake ni laini, na kwenye lami ya moto huchakaa upesi na kushika vibaya. Namba nne za mwisho za msimbo wa DOT zinaeleza wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018.

Kwa upande wa injini, dizeli za kisasa zenye kichujio cha masizi haziwafai watu wa safari fupi za mjini. Kichujio kinahitaji mwendo mrefu wenye joto ili kijisafishe, na njia ya Vuga hadi skuli haikipi nafasi hiyo. Petroli inafaa zaidi. Gia boksi ya CVT, iliyomo kwenye X-Trail na Outlander, inadai mafuta yake maalumu. Ikiwekewa ya otomatiki ya kawaida, inaharibika.

Fedha

Gari la kuagiza huanzia kwenye bei inayojumuisha gari lenyewe, bima ya safari na nauli ya meli. Ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 25 ya jumla hiyo: gari la shilingi milioni 20 linakuwa milioni 25 kabla ya kodi nyingine. Umri wa gari na ujazo wa injini huweza kuongeza mzigo, na VAT huhesabiwa juu ya jumla iliyokwisha kupanda. Ongeza gharama za bandari, wakala wa forodha na usajili wa namba ya Z. Ndiyo maana Vanguard ya cc 2362 inayoonekana rahisi Japani inaweza kufika bandari ya Malindi ikiwa imepoteza urahisi wake.

Wanaonunua kwa murabaha wakumbuke mtiririko wake. Benki inalinunua gari, linakuwa mali yake, kisha inawauzia kwa bei yenye faida iliyotajwa wazi, walipe kwa mafungu. Ukaguzi wote ukamilike kabla benki haijanunua, kwa sababu mkataba ukishasainiwa, kutu ni ya familia.

Basi familia yetu ichague X-Trail ya siti saba, daraja la 4 au zaidi, isiyotoka kwenye mikoa ya theluji, yenye uvungu safi na mifuko ya hewa iliyothibitishwa. Ikipatikana Noah yenye sifa hizo na njia ya shamba ikaruhusu, waichukue bila kuona wamepungukiwa. Na kama bajeti inawalazimisha kuchagua kati ya gari jipya zaidi lenye alama ya C na la zamani kidogo lililo zima, wachukue la zamani. Tofauti ya bei iende kwenye matairi manne mapya, kiti cha mtoto na mkanda unaofunga kwa kila mmoja wa watu sita.