Kuomba Faili kwa Adabu

Sifa nyingi huenda kwa anayehifadhi. Amazon ilipofungua ghala lake la mtandaoni, S3, Machi 2006, kilichovuma ni nafasi: weka utakacho, lipia ulichotumia. Mimi huvutiwa na fundi wa upande wa pili, anayeandika mistari michache ya programu inayokwenda kuchukua faili na kurudi nayo ikiwa nzima. Akiifanya vizuri, hakuna anayejua kama kuna kazi iliyofanyika.

Ghala lenyewe halina makabati. Ukiona picha/2024/harusi.jpg utadhani kuna folda ndani ya folda, kumbe ni jina moja refu, na ule mkwaju ni herufi kama nyingine. Ukiomba orodha, unapewa majina yasiyozidi 1,000 kwa mara moja, pamoja na alama ya kuendelezea pale ulipoishia. Programu isiyoijua alama hiyo hufanya kazi vizuri kabisa mpaka siku inapoingia faili ya 1,001.

Kisha kuna kupiga hodi. Programu haitumi ufunguo wake wa siri. Huutumia kukokotoa sahihi kutokana na ombi lenyewe na saa lilipotumwa, na ghala hukokotoa ya kwake na kulinganisha. Saa zikipishana zaidi ya dakika 15, ombi linarudishwa hata kama mengine yote yako sawa. Na asiye na ruhusa ya kuona orodha akiulizia faili isiyokuwepo, hujibiwa 403, huna ruhusa, badala ya 404, haipo. Mlinzi hakwambii kama mwenyeji yumo au hayumo. Napenda ukali huo, ingawa umewakosesha wengi usingizi wakihangaikia ruhusa ya kitu ambacho hakipo.

Lakini ufundi hasa huonekana mtandao ukiwa mbovu. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu chini ya Bahari ya Hindi, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Sasa chukua faili ya gigabaiti 2 inayopakuliwa Dar es Salaam siku ya namna hiyo, mtandao ukakatika zikiwa zimefika baiti 734,003,200, yaani megabaiti 700. Programu ya ovyo huanza tena kutoka sifuri, na bando la mtu linateketea. Ya fundi huomba kuanzia baiti namba 734,003,200 hadi mwisho. Hesabu huanzia sifuri, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kwanza ambayo haijafika. Ukiongeza moja hapo umeharibu faili nzima. Ghala hujibu 206, maana yake hiki ni kipande, na kazi inaendelea.

Bado kuna mtego. Kabla mtandao haujarudi, mwenye faili huenda ameweka toleo jipya kwa jina lile lile. Ukiunga vipande, utapata mwanzo wa jana na mwisho wa leo, faili ambayo haijapata kuwapo popote duniani. Ndiyo maana fundi huweka alama ya toleo, ETag, iliyokuja na jibu la kwanza, na kuomba kilichobaki kwa sharti: nipe, kama bado ni ile ile. Imebadilika? Ghala linajibu 412, na hapo kuanza upya ni halali. Sharti hilo ni mstari mmoja tu, na programu nyingi mno hazina.

Mwisho ni kusubiri. Ghala likizidiwa hujibu 503, punguza kasi. Kurudia papo hapo ni kuongeza msongamano, na kurudia kila baada ya sekunde mbili hakusaidii sana, kwa sababu simu elfu zilizokataliwa pamoja zitarudi pamoja na kukataliwa pamoja. Fundi huongeza maradufu ukomo wa kusubiri kila akikataliwa, kisha huiachia kila simu ibahatishe muda wake ndani ya ukomo huo: hii sekunde 0.4, ile 1.3, nyingine 1.9, na foleni inasogea.