Mgeni Mjini London: Aliyoonyeshwa na Aliyoyaona

Katika vitabu vya safari vilivyotokana na waandishi wa sehemu zetu hizi, kile cha Ham Mukasa juu ya ziara ya London ni miongoni mwa vile ambavyo husifiwa na wengi na kusomwa na wachache. Walimu hukitaja wanapotaka kuwaonyesha wanafunzi kwamba Mwafrika naye alipata kusafiri Ulaya na kuandika aliyoyakuta huko. Jambo hilo ni kweli, nalo ni jema. Lakini kukitaja kitabu si kukihakiki. Katika makala haya tunakusudia kukipima kitabu hicho kama kazi ya fasihi, na kuuliza kinamfundisha nini mwanafunzi ambaye kesho ataambiwa aandike insha juu ya siku moja katika mji asioujua.

Yafaa kwanza tukumbushane habari yenyewe. Mwaka 1902 Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, alialikwa Uingereza kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward VII. Alifuatana na Ham Mukasa, aliyekuwa katibu wake, na Ernest Millar, mmisionari aliyekuwa mkalimani wao. Sherehe ilikuwa imepangwa kufanyika tarehe 26 Juni, lakini mfalme alishikwa na ugonjwa wa kidole tumbo akapasuliwa, na kutawazwa kukaahirishwa mpaka tarehe 9 Agosti. Kwa sababu hiyo wageni walipata majuma mengi ya kutembezwa. Mukasa aliandika habari zote kwa Kiganda. Millar akazifasiri kwa Kiingereza, na kitabu kikachapwa London mwaka 1904 kwa jina la Uganda's Katikiro in England. Mwaka 1975 Taban lo Liyong alikitoa tena kwa ufupi, kikaitwa Sir Apolo Kagwa Discovers Britain.

Sifa ya kwanza ya kitabu hiki ni kipimo. Mukasa hakuwaandikia Waingereza, aliwaandikia watu wa kwao. Kwa hiyo urefu wa meli, umbali wa njia na ukubwa wa nyumba huvipima kwa vitu ambavyo msomaji wa Buganda anavifahamu. Hapa pana ufundi ambao aghalabu haupewi heshima yake. Msafiri asiye na kipimo husema tu kwamba nyumba ni kubwa mno na watu ni wengi mno. Msomaji hupata mshangao wa msafiri, lakini nyumba yenyewe haioni. Mwenye kipimo humshika msomaji mkono, akamtoa katika mlima anaoujua mpaka kwenye jengo asilolijua.

Sifa ya pili ni kwamba kitabu hakisimami kwenye majumba peke yake, bali kinajali namna mambo yanavyofanyika. London ya wakati ule ilikuwa na mengi ya kumshughulisha mtu wa tabia hiyo. Reli ya chini ya ardhi ilikuwa imeanza tangu mwaka 1863 kwa magari ya moshi, na mwaka 1900 ilifunguliwa nyingine ya umeme, ambayo nauli yake ilikuwa peni mbili kwa safari yoyote, ndefu au fupi. Juu ya ardhi barabara zilijaa magari ya farasi. Mwandishi anayetoka katika nchi ambayo reli ndiyo kwanza imefika ukingoni mwa Ziwa Victoria, mwishoni mwa mwaka 1901, hawezi kuyapita mambo haya bila kuuliza yanaendeshwaje.

Hata hivyo, uhakiki haumaliziki kwa kusifu. Jina la kitabu kile cha Kiingereza linaendelea kusema kwamba haya ni maelezo rasmi ya ziara. Neno hilo rasmi tulisome kwa makini. Ziara ilifanyika miaka miwili tu baada ya mkataba wa mwaka 1900 kati ya Buganda na Uingereza, mkataba ambao Kagwa mwenyewe aliutia sahihi kwa niaba ya Kabaka Daudi Chwa, aliyekuwa bado mtoto mdogo. Wenyeji wa mgeni wa namna hiyo hawamtembezi ovyo. Kila anachoonyeshwa kina maneno yake: kanisa kubwa lasema habari ya dini, ngome yasema habari ya silaha, na kiwanda chasema habari ya mali. Matembezi yale yalikuwa somo, na mwalimu alikuwa dola. Mukasa alilipokea somo kwa mshangao mwingi, na mshangao huo unarudiwarudiwa mpaka mahali pengine unachosha. Pale anapostaajabu bila kupima, kitabu hulegea.

Sasa tuweke pembeni yake kitabu kingine. Siku ile ile ya tarehe 9 Agosti 1902, katika mji ule ule, palikuwa na mgeni wa pili aliyekuwa akiandika. Huyu ni Jack London, mwandishi wa Marekani. Hakualikwa na mtu. Alinunua nguo kuukuu, akaenda kukaa upande wa mashariki ya mji pamoja na makuli, wasio na kazi na wasio na makao. Alilala katika nyumba ya serikali ya kuwahifadhi masikini, na maandamano ya kutawazwa aliyatazama akiwa katika umati, kwenye uwanja wa Trafalgar. Kitabu chake, The People of the Abyss, kilitoka mwaka 1903. Humo mji ule wa majumba makubwa ni mji wa watu wanaotembea usiku kucha kwa kuwa wamekatazwa kulala njiani. Wala haya si maneno ya mgeni mwenye chuki. Charles Booth, tajiri wa meli wa Uingereza, alifanya uchunguzi wa miaka mingi akakuta kwamba watu zaidi ya 30 katika kila 100 wa London waliishi katika umasikini.

Msomaji mwepesi atasema basi, Mmarekani aliona kweli na Mganda alidanganyika. Sisi hatukubali hukumu hiyo. Jack London aliweza kuvua koti lake, akavaa matambara, akapotea katika umati. Rangi yake na lugha yake zilimfungulia njia. Mganda wa mwaka 1902 angevaa nini ili asitazamwe? Popote alipokwenda yeye mwenyewe alikuwa tamasha. Barabara ni ya watu wote, lakini haimpokei kila mtu kwa namna moja. Tena Mukasa alikuwa na kazi nyingine. Alitaka kujua nguvu za watu wale zinatoka wapi, ili awapelekee habari wakuu na watu wa nchi yake, ambao kuanzia hapo iliwapasa kuishi chini ya nguvu hizo. Kwa mtu mwenye haja hiyo, kiwanda kilikuwa na maana kuliko kichochoro.

Upungufu wa Mukasa, kwa maoni yetu, uko mahali pengine. Anatuonyesha vitu, lakini mara chache hutuambia waziwazi nani aliyemfungulia mlango, na kwa nini mlango ule na si mwingine. Jack London humwambia msomaji tangu mwanzo ameingiaje na kwa hila gani. Msomaji akijua mwandishi alisimama wapi, anaweza kuyapima maneno yake. Asipojua, hana budi kuyakubali yote au kuyakataa yote.

Walimu wa Kiswahili tunaye pia msafiri wetu wa lugha hii. Salim bin Abakari, mwenye asili ya Komoro, alisafiri mwaka 1896 pamoja na Mjerumani Bumiller kwenda Urusi, katika mji mkuu wa wakati ule, Petersburg, na kuendelea hata Siberia. Maelezo yake yalichapwa na Carl Velten mwaka 1901, na Lyndon Harries akayatoa tena mwaka 1965 katika Swahili Prose Texts. Yeye hakuwa mgeni wa dola wala mtu aliyejigeuza, bali alimfuata bwana wake. Hiyo nayo ni nafasi ya tatu ya kuutazama mji, na yafaa wanafunzi waisome sambamba na hizo mbili.

Tunaeleza haya kwa sababu ya insha tunazozisahihisha kila muhula. Mwanafunzi akiandika juu ya mji mkuu wa Ulaya, aghalabu hutuletea orodha: mnara, saa kubwa, daraja, jumba la mfalme, na baada ya kila kimoja, nilishangaa sana. Sarufi huwa haina kosa, nasi humpa alama nzuri. Kwa kufanya hivyo tunamzoeza kustaajabu badala ya kuona, na lugha yenyewe tunaizoeza umasikini, kwani mshangao hauhitaji maneno mengi.

Tungependekeza zoezi jepesi. Mwalimu achague ukurasa mmoja wa Mukasa, wanafunzi waufasiri kwa Kiswahili, kisha wajibu maswali matatu: Mwandishi amesimama wapi? Nani amemleta hapo? Anapima kwa kitu gani? Baadaye waandike kwa mtindo huo juu ya soko au kituo cha mabasi cha mji wao wenyewe. Atakayeweza kuieleza Kampala kwa namna hiyo ataweza pia kuieleza London siku atakayofika huko.