Vekta na Skala: Maelezo Yaliyo Nusu

Wasomaji walio na watoto katika shule za sekondari, hapa Buhongwa na hata kule Nyegezi na Usagara, yamkini wamewasikia jioni wakikariri somo la fizikia. Miongoni mwa maneno wakaririyo limo hili: vekta ni kiasi chenye ukubwa na mwelekeo, skala ni kiasi chenye ukubwa peke yake. Hulisema upesi, kisha huongeza mifano, kwamba nguvu ni vekta, na joto ni skala. Mwalimu akiuliza, darasa zima hujibu kwa sauti moja. Nataka kuyapima maneno hayo kama mtu apimavyo kitabu kabla ya kukisifu, maana nayaona ni kweli nusu, na ile nusu iliyoachwa ndiyo yenye kazi.

Kwanza tuyape haki yake. Mtu akitoka nyumbani akatembea kilomita 4 kuelekea Usagara, kisha akarudi kilomita 4 kwa njia ile ile, miguu yake imekwenda kilomita 8, wala hapana awezaye kumnyang'anya uchovu wake. Lakini ukimwuliza amesogea umbali gani kutoka mlangoni pake, jibu ni kwamba hakusogea hata hatua moja. Hesabu ya kwanza ni skala, ya pili ni vekta, na tofauti yake yaletwa na mwelekeo. Hapo maneno ya daftarini yasema kweli, nayo yafaa kwa siku ya kwanza.

Kosa laanza siku ya pili. Chukua mtumbwi ulioko Kigongo, unaotaka kuvuka Ghuba ya Mwanza kwenda Busisi. (Siku hizi wengi hupita darajani, tangu lilipofunguliwa Juni 2025, lakini wavuvi wangali majini.) Tuseme upana wa maji ni kilomita 3, na mpiga kasia aenda kilomita 4 kwa saa, akielekeza omo ng'ambo moja kwa moja. Tuseme tena upepo mkali watoka kusini, nao wausukuma mtumbwi upande kilomita 3 kwa saa. Mwulize mwanafunzi aliyekariri vizuri: mtumbwi waenda kasi gani? Wengi watajibu 7, kwa kuwa 4 na 3 ni 7. Wajua kwamba kasi zote mbili zina mwelekeo, wamekwisha kulisema, lakini hawakuambiwa mwelekeo huo wafanya nini katika hesabu.

Jibu ni kilomita 5 kwa saa, katika njia ya mshazari. Chora mshale wa urefu wa 4 kwenda magharibi. Mwishoni pake anza mshale wa 3 kwenda kaskazini. Kisha unga mwanzo wa ule wa kwanza na mwisho wa ule wa pili. Mshale huo wa tatu ndio mwendo wa kweli wa mtumbwi, na ukiupima kwa rula utaona ni 5. Utafika ng'ambo kwa dakika 45, lakini utakuwa umechukuliwa kilomita 2 na robo kaskazini mwa mahali ulipopakusudia.

Mvuvi mzee alijua hayo kabla ya shule kujengwa. Yeye huelekeza omo upande utokako upepo, ili sehemu ya nguvu ya kasia ishindane na upepo, na sehemu iliyosalia imvushe. Ukichora mishale yake utaona kwamba kwa kasi ile ile ya 4 humsalia kiasi cha kilomita 2 na nusu na kidogo kwa saa, naye huvuka kwa muda wa saa moja na dakika 8. Na mishale hiyo hiyo yatoa onyo ambalo maneno ya daftarini hayawezi kulitoa: upepo ukimsukuma kilomita 4 kwa saa au zaidi, hapana namna yoyote ya kuelekeza omo itakayomfikisha moja kwa moja ng'ambo. Kijana wetu akimaliza shule bila kulitambua hili, naye babaye hakusoma lakini alitambua, twaweza kusema shule imempa nini katika jambo hili?

Nchi kavu nako ni vivyo hivyo. Wasichana wawili wachukua ndoo ya maji ya kilo 20, kila mmoja ameshika upande wake wa mpini. Dunia yaivuta ndoo kwa nguvu ya nyutoni 200 hivi. Wakienda karibu karibu, mikono ikining'inia wima, kila mmoja avuta 100. Wakiachana hata mikono yao ikalala, kila mkono ukiwa digrii 60 kutoka wima, kila mmoja atavuta 200 kamili, kana kwamba kila mmoja ameibeba ndoo nzima peke yake. Maji hayakuongezeka hata tone. Wasichana hugombana kwa ajili ya jambo hili, kila mmoja akimshutumu mwenzake kwamba ni mvivu.

Basi, nasema kwamba alama ya vekta ni kanuni ya kujumlisha: viwili vyake hujumlishwa kwa mishale kama tulivyofanya. Mwelekeo peke yake hautoshi. Mtu akibisha, na atazame umeme. Umeme upitao katika waya una upande uendako, na kwa maneno ya daftarini ungekuwa vekta. Lakini nyaya mbili zikikutana, moja ikileta ampea 3 na nyingine ampea 4, waya wa tatu utachukua ampea 7, hata ukizipinda zile nyaya kwa pembe yoyote uitakayo. Kwa hiyo kiasi hicho huhesabiwa kuwa skala.

Au chukua kitabu cha nyimbo, ukisimamishe mezani, jalada likikutazama. Kigeuze robo ya mzunguko, jalada litazame mkono wako wa kuume. Kisha kiangushe mbele, kichwa chake kiende mbali nawe. Kitakuwa kimekaa kwa ubavu. Sasa kirudishe kama mwanzo, ufanye yale yale kwa kuyageuza mpango: kwanza kiangushe mbele, kisha kigeuze mezani robo ya mzunguko kwa upande ule ule wa kwanza. Safari hii kimelala, jalada juu. Kila mgeuzo una ukubwa wake na upande wake, lakini kutanguliza huu au ule kwabadili jibu. Nazo vekta, ukianza na 4 au ukianza na 3, jumla ni ile ile. Migeuzo hiyo si vekta.

Historia nayo yaunga mkono neno hili. Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, aliweka kanuni ya kujumlisha nguvu mbili kwa umbo la msambamba mara baada ya sheria zake tatu za mwendo. Jina la vekta lilikuja baadaye sana, miaka ya 1840, kwa Hamilton wa Dublin, aliyelitoa katika Kilatini, na maana yake ni mchukuzi. Skala naye aliipa jina kutokana na ngazi: hupanda na kushuka, hata chini ya sifuri, basi. Kwa hiyo joto likishuka chini ya sifuri halipati mwelekeo, ingawa wanafunzi wengi hudhani hivyo kwa kuiona alama ya kutoa.

Hamilton alichagua maneno ya kueleweka. Yetu yana shida kidogo. Neno kasi latumika kwa wepesi wa mwendo tu, na tena kwa mwendo wenye upande. Na neno uzito lachukua vitu viwili, wingi wa maada ambao wataalamu huuita tungamo, na mvuto wa dunia ulio na upande wake, yaani chini. Mwenye kununua sangara sokoni huuliza kilo, naye ataka tungamo. Mkono wake unaochoka njiani wajibu habari za mvuto. Mwalimu asipotenga mambo hayo kwa Kiswahili kwanza, mtoto hupokea maneno mawili ya Kiingereza na kuyatia yote mawili katika mfuko mmoja alio nao. Mzani wa sokoni na ndoo yenye mpini hupatikana Buhongwa kila siku, na kuvileta darasani hakugharimu kitu.