Kontua na Ukingo: Juu ya Kitabu cha Nicolaïdes cha Kuchora

Kitabu cha Kimon Nicolaïdes kiitwacho The Natural Way to Draw kilipigwa chapa Marekani mwaka 1941, miaka mitatu baada ya kufa kwake mtungaji, aliyekuwa mwalimu katika Art Students League ya New York. Thamani yake imo khasa katika neno moja ambalo sehemu kubwa ya mafunzo yake imeliegemea, nalo ni kontua. Neno hilo hilo ndilo lililo rahisi kufahamiwa vibaya.

Mtu asiyefundishwa akiambiwa achore chungu, huzungusha mstari pale chungu kinapoishia machoni pake, akadhani kazi imekwisha. Alichochora ni kama kivuli cha chungu ukutani: kina urefu na upana, lakini hakina tumbo. Nicolaïdes alikataa mstari wa namna hiyo. Amwagiza mwanafunzi akitazame kitu chenyewe, wala si karatasi, na asadiki kwamba ncha ya penseli inakigusa. Kisha aende polepole, jicho na mkono vikifuatana. Mstari ukiacha ukingo na kuingia ndani, pale nyama inapokunjana, na aufuate huko huko. Kadhalika ameweka zoezi la mistari ikatizayo umbo, ipitayo juu ya mwili kama bangili katika mkono. Bangili iliyovaliwa huonekana upande mmoja tu, nao umepinda. Upinde huo ndio umwambiao mtazamaji kwamba mkono ni wa mviringo. Na ashonaye kikapu cha ukili amekwisha kuichora mistari hiyo bila ya penseli, kwa maana mshono wake huzunguka umbo zima toka kitako hata mdomoni.

Asili ya fikira hii yafaa ikumbukwe. Katika Vita Kuu ya Kwanza Nicolaïdes alikuwa Ufaransa, katika kazi ya kuficha majeshi na zana kwa rangi, na sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kuchungua ramani za kontua. Kontua ya ramani huunga mahali palipo na kimo kimoja, kama alivyofanya Charles Hutton katika miaka ya 1770 alipopiga hesabu za vipimo vya mlima Schiehallion wa Scotland. Mistari ikisongamana, mteremko ni mkali. Ikiachana, nchi ni tambarare. Kontua ya mchoraji haifungwi na kimo, lakini kazi yake ni moja na ile ya ramani: kueleza mwinuko juu ya karatasi isiyo na mwinuko.

Ila ya kitabu ni kwamba neno moja limebebeshwa mistari miwili. Zoezi la kwanza huanza ukingoni, na mistari ikatizayo hufuata baadaye. Mwanafunzi mvivu aweza kubaki na la kwanza, akalisahau la pili. Betty Edwards, katika kitabu chake cha mwaka 1979, alilichukua zoezi la kuchora bila ya kutazama karatasi, akalitumia kufundisha jicho kuona kingo. Zoezi hilo lina faida yake, wala halikatazwi. Lakini tumbo la chungu limeachwa tena nje ya somo.

Kwa Kiswahili jambo hili si dogo. Atakayefasiri mafunzo haya akaandika “mstari wa ukingo” kila mahali, atakuwa amerudisha lile lile alilolikataa Nicolaïdes, na mwanafunzi atachora vivuli akiamini kwamba anachora miili. Wala hapana haja ya kubuni neno geni. Kontua limekwisha kuingia katika Jiografia ya shule, na mkulima alimaye kwa kufuata kontua ajua kwamba mstari huo hauzunguki shamba kama ua, bali wapita katikati yake, ukipinda pale kilima kipindapo. Basi ukingo na uitwe ukingo, na kontua liwekewe mstari upitao juu ya umbo. Tofauti hiyo ikishikwa katika maneno, mwalimu atakuwa na njia ya kumwuliza mwanafunzi wake swali lifaalo: si chungu kinaishia wapi, bali kinapinda vipi.