Maelezo ya Mwalimu Sikujua katika Karatasi za Taylor

Msomaji wa leo akilikuta jina Kongowea katika shairi la Muyaka bin Haji, fikira zake zaelekea kwenye soko la ng'ambo, upande wa bara kaskazini ya kisiwa cha Mombasa. Kwa Muyaka, Kongowea ni mji wenyewe wa kisiwani: ndio Mvita, ndio Gongwa. Kosa dogo kama hilo latosha kuonyesha thamani ya maelezo ya mkono yaliyoachwa na William Taylor, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1880, ambaye karatasi zake zimehifadhiwa London.

Lakini mwenye ujuzi, zaidi ya wote, alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Ndiye aliyemwandikia Taylor mashairi kwa hati za Kiarabu, akamfafanulia watu, mahali na vita vilivyokusudiwa. Taylor aliuliza, akasikiliza, kisha akanakili kwa Kiingereza. Hapa pana hasara ambayo wahakiki wameipita upesi mno: kauli ya mzee wa Mvita humfikia msomaji ikiwa imevishwa lugha nyingine, wala si rahisi kupambanua Sikujua akomapo na Taylor aanzapo. William Hichens alipoitoa diwani mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz alipomchambua Muyaka mwaka 1979, wote wawili walijenga juu ya msingi huo.

Msingi wenyewe wataka kupimwa. Sikujua alifariki mwaka 1890, yapata nusu karne baada ya Muyaka. Aliyoyasimulia ni kumbukumbu za mji, na mji nao una yake. Mombasa ilishindwa Shela pamoja na Pate kati ya 1812 na 1814, kisha utawala wa Mazrui ukaanguka mwaka 1837. Haikukosa sababu ya kuzihifadhi beti za Muyaka kama tambo za vita. Mhakiki akiyapokea maelezo hayo kama yalivyo, hata shairi ambalo yamkini lilitungwa kwa mapenzi, dhiki au utani tu litageuka taarifa ya vita. Muyaka alikuwa bingwa wa mafumbo, na fumbo likishafumbuliwa karatasini ni nadra mtu kulifumbua upya.

Atakayeihariri tena diwani hiyo hana budi kuyachapa maelezo yote sambamba na mashairi, na kila penye dalili ayatenge maneno ya Sikujua na fasiri za Taylor. Jina la Sikujua litangulie.