Wimbo wa Shamba ni Shahidi

Wapo wasemao ya kuwa shairi lililotungwa kwa lahaja ya shamba ni kitu cha kuchekesha tu, wala halistahili kutiwa kitabuni. Sisi hatukubali neno hilo. Twataka kulipima hapa kwa kazi ya mtu mmoja wa Uingereza, William Barnes, aliyekuwa mwalimu miaka mingi, kisha akawa kasisi.

Barnes alizaliwa mwaka 1801 katika Bonde la Blackmore, jimbo la Dorset, kusini-magharibi mwa Uingereza, katika jamaa ya wakulima. Tangu mwaka 1862 hata alipofariki mwaka 1886 alikuwa kasisi wa kijiji huko huko Dorset. Alikuwa mtu wa elimu, mwenye kujua lugha nyingi. Walakini mashairi yake yaliyo bora aliyatunga kwa lahaja ya kwao, ambayo watu wengi wa mjini waliidharau. Kitabu chake cha kwanza cha mashairi hayo kilitoka mwaka 1844, nacho kina orodha ya maneno ya lahaja pamoja na maana zake.

Msomaji atauliza, Kwa nini asitumie Kiingereza cha shuleni, apate kusomwa na wote? Jibu twalo hapa kwetu. Mtu wa pwani huita tunda la mnazi kidaka, kisha kitale, kisha dafu, kisha koroma, ndipo liwe nazi. Mwondolee majina hayo, umwachie neno moja tu, nawe umemwondolea nusu ya maarifa yake. Vivyo hivyo wakulima wa Dorset: majani ya malisho yaliyokatwa yalikuwa na jina yakitandazwa juani, na jina jingine yakipangwa safu, na jingine tena yakikusanywa mafungu. Lahaja ilikuwa ghala ya kazi yao. Mwaka 1868 Barnes alitoa kitabu cha mashairi ya mashamba kwa Kiingereza cha kawaida, lakini hakikupendwa kama vile vya lahaja. Na kwa maoni yetu haikuwa ajabu.

Tutazame shairi lake moja, lihusulo malisho ya watu wote. Katika karne ya 18 na ya 19 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwa maelfu, na kwa sheria hizo nchi iliyokuwa ya matumizi ya kijiji kizima ilizungushiwa ua, ikawa mali ya watu wachache. Ukitaka kujua ni eka ngapi na nani alizipata, hati za serikali zitakuambia. Lakini Barnes anatuonyesha watu wawili wakikutana njiani. Mmoja anawapeleka sokoni mabata bukini wake wote, na kwa huzuni asema ya kuwa yamkini ng'ombe wake mdogo naye atauzwa, kwa maana malisho hayapo tena. Wakumbuka jinsi watoto wadogo, wasioweza bado kufanya kazi ya mshahara, walivyokuwa wakiokota mavi makavu ya ng'ombe huko uwandani yawe kuni za nyumbani. Hati gani ya serikali ingaliandika habari ya mfuko ule wa mtoto? Wahenga walisema, Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hata hivyo shahidi mwema naye huulizwa maswali. Mashairi mengi ya Barnes ni ya furaha: mavuno, arusi, Krismasi, jioni njema mlangoni pa nyumba. Lakini katika jimbo hilo hilo la Dorset, mwaka 1834, watu sita wa kijiji cha Tolpuddle walihukumiwa kupelekwa Australia miaka 7. Walikuwa wameungana kwa kiapo, kwa sababu mishahara ya vibarua ilikuwa ikipunguzwa. Mtu asomaye yale ya furaha peke yake atadhani kijiji cha Dorset kilikuwa bustani. Hatusemi Barnes alidanganya. Twasema alichagua, kama kila mtunzi achaguavyo. Basi tumsikilize, kisha tuwasikilize na wengine.

Kosa lililo kubwa zaidi si la mtunzi, ni la mkusanyaji. Mwaka 1903, katika kijiji cha Hambridge, jimbo la Somerset lililo jirani ya Dorset, Cecil Sharp alimsikia mtunza bustani akiimba wimbo wa kale, akauandika. Tangu siku hiyo akakusanya nyimbo kwa maelfu. Twamshukuru, kwa kuwa nyingi zingalipotea. Lakini maneno mengine, hasa yahusuyo mapenzi, yalibadilishwa kabla ya kupigwa chapa, ili yasiwachukize wasomaji wa wakati ule. Bahati njema madaftari yake yamehifadhiwa, na wataalamu waweza kulinganisha yaliyoimbwa na yaliyochapwa. Pasingalikuwa na madaftari, tungaliamini ya kuwa wakulima waliimba kama waungwana walivyopenda waimbe.

Neno hili latuhusu. Mashine za kusaga zimefika katika vijiji vyetu vingi, na mchi umepumzika. Na wimbo uliokwenda pamoja na mchi nao wanyamaza. Ndani yake mna habari za njaa, za mavyaa mkali, za mume aliyekwenda mbali kutafuta kazi asirudi. Wewe uliyesoma shule, kaa na bibi yako, uandike wimbo wake kama anavyoutamka, pamoja na kazi iliyofanywa wakati wa kuimba. Likija neno usilolijua, uliza maana yake uiandike kando, kama alivyofanya Barnes. Likija neno likuonealo haya, liache mahali pake. Bibi ndiye aliyeyaona mambo hayo. Wewe ni mwandishi wake tu.