Ngoma, Mdundo na Rangi: Hip Hop katika Matatu ya Nakuru

Wahakiki wengi wa hip hop nchini Kenya huchambua maneno ya rapu pekee, kana kwamba yalitungwa yasomwe kimya. Mkabala huo una upungufu. Huko Bronx, New York, mwaka 1973, DJ Kool Herc alirefusha vipande vya santuri vyenye midundo mitupu kwa kuwa wachezaji walivisubiri. Dansi ndiyo iliyouunda muziki. Dhana ya ngoma, ambayo kwa Kiswahili ni ala, wimbo na uchezaji kwa pamoja, inaueleza uhusiano huu barabara.

Matatu ya Nakuru inaiongezea dhana hiyo picha: sura za wanamuziki zimechorwa ubavuni, mdundo unavuma ndani, naye utingo anauitikia kwa mwili akiwa mlangoni. Kanuni za Michuki, zilizotekelezwa kuanzia Februari 2004, ziliagiza mstari wa manjano, na michoro ikafutwa hadi Rais Uhuru Kenyatta alipoiruhusu tena mwaka 2014. Katika kipindi hicho muziki ulisikika bila sura yake, na utungo mzima ukapungukiwa ubeti. Mhakiki ashikiliaye maneno pekee anaufuta ubeti huo kwa mara ya pili.